Maelezo na Hati: Uhakiki wa Lugha ya Somo la Kriminolojia kwa Mtazamo wa Bunia

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusomea shahada ya kwanza ya kriminolojia na haki jinai hufundishwa mapema kuwa fani yake inashughulikia mambo matatu. Mmarekani Edwin Sutherland aliyataja kuwa ni kutungwa kwa sheria, kuvunjwa kwake, na namna jamii inavyoujibu uvunjaji huo. Ni mgawanyo mzuri, na kwa miaka mingi umewaongoza walimu wa somo hili. Hata hivyo, kuna jambo moja unalolinyamazia. Haugusii lugha ambayo kwayo habari za uvunjaji wa sheria humfikia mpelelezi, hakimu, na hatimaye mtafiti mwenyewe. Penye lugha moja, kimya hicho hakidhuru sana. Mahali kama Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kinaweza kumtia gerezani asiye na hatia na kumwachia huru mwenye hatia.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hati moja ambayo wanafunzi wa fani hii huipokea kama chombo tu, nayo ni hati ya maelezo ya shahidi au mtuhumiwa, ile ambayo ofisi za Kongo huiita kwa ufupisho wa Kifaransa PV. Tutaisoma kama tunavyosoma matini yoyote, kwa kuuliza nani anasema, nani anaandika, na nini kimeachwa njiani. Hoja yetu ni kwamba hati hiyo ni tafsiri isiyotaja jina la mfasiri, na kwamba shahada ya kriminolojia isiyomfundisha mwanafunzi kuisoma hivyo humpa elimu ya makaratasi badala ya elimu ya jinai.

2.0 Fani na Mahali Pake

Bunia si mji usio na elimu ya juu. Upo Chuo Kikuu cha Bunia, na upo pia Chuo Kikuu cha Shalom, ambacho chimbuko lake ni chuo cha teolojia kilichoanzishwa mwaka 1961 na ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007. Lakini katika vitivo vya sheria vya Kongo kriminolojia kwa kawaida ni somo moja miongoni mwa mengi. Anayetaka kuifanya fani kamili hutazama mbali, kwa mfano Skuli ya Kriminolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 1400 kwa njia ya anga. Nchini Kenya shahada ya kwanza ya fani hii hutolewa katika vyuo vikuu kama Egerton na Masinde Muliro. Kote huko mafunzo hutolewa kwa lugha ya makaratasi, yaani Kifaransa upande mmoja na Kiingereza upande mwingine.

Ajabu ni kwamba ni miji michache duniani iliyowapa wanasheria wa jinai kazi nyingi kama Bunia. Vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003 viliua, kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu, zaidi ya watu 50,000. Kutokana na vita hivyo, watu wanne walifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Thomas Lubanga alitiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Mathieu Ngudjolo aliachiwa huru tarehe 18 Desemba 2012. Germain Katanga alitiwa hatiani tarehe 7 Machi 2014 kuhusiana na shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, akapewa miaka 12. Bosco Ntaganda alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2019, na rufani yake ikashindwa mwaka 2021. Katika Bunia yenyewe, mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani ofisa wa jeshi kwa jinai za kivita mwezi Machi 2006, ikitumia moja kwa moja Mkataba wa Roma wakati ambapo mahakama chache sana za Afrika zilithubutu kufanya hivyo.

Basi mwanafunzi wa Ituri anakaa juu ya ghala la mifano. Tatizo ni kwamba ghala hilo amefunguliwa mlango wa nyuma tu.

3.0 Hati ya Maelezo kama Utanzu

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Kifungu cha 18 cha katiba hiyo hiyo kinaamuru kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake na shtaka lolote linalomkabili, tena kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo sheria inatambua kuwa mtu huenda asielewe lugha ya dola. Inamlinda katika yale anayoambiwa. Ulinzi huo, kama ulivyoandikwa, unahusu kusikia kwake. Kusema kwake ni suala jingine.

Tuangalie hati inavyotengenezwa. Mwananchi anafika mbele ya opeji, yaani ofisa wa polisi wa upelelezi, au mbele ya ofisa wa parke. Anahojiwa kwa Kiswahili, au kwa Lingala ikiwa mhojaji ni askari aliyezoea lugha hiyo, au anasaidiwa na mtu anayejua Kilendu, Kihema, Kialuri au Kibira. Ofisa anaandika kwa Kifaransa. Mwishoni hati inasomwa kwa kufasiriwa papo hapo, kisha mwananchi anatia saini au alama ya kidole chini ya maneno ya kawaida yanayosema kuwa amesomewa na anashikilia aliyoyasema.

Kwa jicho la mhakiki, huu ni utanzu wenye kanuni zake. Una msimulizi ambaye siye mwandishi. Una mwandishi ambaye jina lake limo katika hati kama ofisa, wala si kama mfasiri. Una saini ya mtu anayethibitisha maneno ambayo hangeweza kuyasoma. Hatusemi kuwa maofisa ni wadanganyifu. Wengi wao hufanya kazi kwa uaminifu katika mazingira magumu. Tunasema kuwa umbo lenyewe la hati linaficha kazi ya kutafsiri. Kilichofichwa na umbo hakionekani na msomaji asiyefundishwa kukitafuta.

4.0 Kiambishi Kimoja na Maneno Manne

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue maelezo ya mfano. Tumeyatunga wenyewe, hayakutoka katika jalada lolote, na tumeyaandika kwa tahajia sanifu ili kila msomaji ayafuate: “Walikuja asubuhi, wakatupiga, wakachoma nyumba. Nilisikia walimchukua kadogo wa jirani, na dada yake wakamfanya bibi.”

Kwanza, kiambishi wa-, ambacho wasemaji wengi wa Kongo hukitamka ba-. Ni nani hao? Sarufi ya Kiswahili inamruhusu msemaji kuanza habari kwa wa- bila kumtaja mtenda, na wasikilizaji hawaoni kasoro. Huenda msemaji anawajua na anaogopa kuwataja. Huenda hawajui. Huenda anadhani kila mtu anajua. Hali hizo tatu zina uzito tofauti kabisa katika shauri la jinai. Hati rasmi haipendi mtenda asiye na jina, na mwandishi hushawishika kuijaza nafasi hiyo kwa jina la kikundi. Hapo swali kuu la kriminolojia, yaani ni nani aliyetenda, huwa limejibiwa na kalamu kabla shahidi hajalijibu.

Pili, kitenzi kupiga. Mtu hupigwa ngumi, hupigwa fimbo, hupigwa risasi. Na kijiji nacho hupigwa, maana yake kimeshambuliwa. “Wakatupiga” inaweza kuwa jeraha mwilini mwa msemaji, na inaweza kuwa shambulio ambalo yeye mwenyewe hakuguswa nalo. Sheria inayatenga matendo hayo kwa majina na adhabu mbalimbali. Kiswahili kinayaacha kitenzi kimoja mpaka aulizwe swali la pili. Iwapo swali hilo liliulizwa au halikuulizwa, hati haituambii.

Tatu, kusikia. Tunasikia mlio wa risasi, tunasikia maumivu, tunasikia harufu, na tunasikia habari. “Nilisikia walimchukua” kunaweza kuwa ushahidi wa masikio ya mtu aliyejificha nyuma ya ukuta, na kunaweza kuwa uvumi wa sokoni. Tofauti ya ushahidi wa moja kwa moja na ushahidi wa kusimuliwa ni somo la muhula wa kwanza. Hapa tofauti hiyo yote imefichika ndani ya kitenzi ambacho kila mwanafunzi wa Bunia anakitumia tangu utotoni, ila darasani hakifundishwi.

Nne, kadogo. Neno hili lilisikika ulimwenguni tangu vita vya mwaka 1996, watoto walipoonekana katika safu za majeshi ya AFDL yaliyoelekea Kinshasa. Msomaji wa pwani atatambua mara moja mzizi -dogo, na ataona ka- ya udogo ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii sana. Lakini kadogo halitaji umri. Linataja udogo wa mwili au wa cheo, mara nyingine pamoja na upendo wa mkubwa kwa mdogo. Mtoto wa jirani ni kadogo hata kama hajashika bunduki, na kijana wa miaka 18 anayembebea kamanda mzigo anaweza kuitwa kadogo vilevile. Jinai aliyoshtakiwa Lubanga inasimama juu ya tarakimu, miaka 15. Neno la watu na tarakimu ya sheria havikutani mpaka mtu mwenye kuvijua vyote viwili avikutanishe.

Tano, bibi. Kwa Kiswahili cha Kongo bibi ni mke. Mkalimani aliyelelewa na Kiswahili cha shuleni cha Dar es Salaam au Nairobi anaweza kusikia mwanamke mtu mzima wa kuheshimiwa, au hata nyanya. Hata akilijua neno, bado hajamaliza kazi. “Wakamfanya bibi” ni tafsida. Ndani yake mna utekaji, ubakaji na utumishi wa lazima, na katika shauri la Ntaganda mambo ya namna hiyo yalibeba jina la utumwa wa ngono. Mfasiri akiandika kwamba msichana aliolewa, amefuta jinai. Akiandika utumwa wa ngono, amemtilia msemaji maneno ambayo hakuyasema. Njia ya haki ni kuliandika neno lenyewe, kisha kuuliza.

5.0 Lugha, Kabila na Ukoo

Kuna mtego mwingine, nao ni wa kudhani kuwa lugha ya mtu ni kabila lake. Shahidi akisema “walikuwa wanasema Kilendu”, msomaji wa mbali ataandika kuwa washambuliaji walikuwa Walendu. Lakini Wahema wa kaskazini, wanaoitwa Wagegere, nao husema Kilendu. Ni Wahema wa kusini wanaosema Kihema. Katika vita vilivyoelezwa mara nyingi kama vita vya Wahema na Walendu, kosa hilo moja lingeweza kugeuza upande wa mtuhumiwa.

Majina ya ukoo nayo yana uzito wake. Katika amri ya fidia ya tarehe 24 Machi 2017, wahanga 297 wa shambulio la Bogoro walipewa kila mmoja dola 250 za Marekani kama fidia ya ishara, pamoja na fidia za pamoja. Katika kupima madhara ya kufiwa, majaji walitofautisha jamaa wa karibu na jamaa wa mbali. Sasa, mtu anayesema “nilifiwa na baba” huenda anamtaja baba mdogo, ndugu wa baba aliyemzaa, ambaye kwa desturi ni baba kamili. Kifaransa kitamwita mjomba wa upande wa baba, na atasogezwa mbali. Aliyefasiri hakukosea kamusi. Hata hivyo msiba wa mtu umepunguzwa ukubwa.

6.0 Yaliyotokea Lugha Ilipoulizwa

Haitakuwa haki kudai kuwa mashauri ya The Hague yaliamuliwa na tafsiri. Hayakuamuliwa hivyo. Lakini yanaonyesha thamani ya kuuliza. Katanga aliomba afuatilie shauri lake kwa Lingala. Majaji wa awali waliona kuwa Kifaransa chake kinatosha. Tarehe 27 Mei 2008 Kitengo cha Rufani kiliutengua uamuzi huo, kikieleza kuwa Mkataba wa Roma, katika kifungu cha 67, unadai lugha ambayo mshtakiwa anaielewa na kuisema kikamilifu, na kwamba kipimo hicho ni cha juu kuliko uwezo wa mazungumzo ya kawaida. Wanafunzi wangapi wa sheria katika Afrika ya Mashariki wamewahi kuusoma uamuzi huu kama uamuzi juu ya lugha?

Katika shauri la Lubanga, majaji walikataa kutegemea ushahidi wa vijana kadhaa waliotajwa kuwa walikuwa askari watoto, na wakakosoa upande wa mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati kazi ambayo ilikuwa ya wapelelezi. Watu wa kati hao ndio waliojua njia, familia na lugha. Katika hukumu ya Ngudjolo, mashahidi muhimu hawakuaminika, na majaji waliona kuwa upelelezi ungefaidika kwa kufika mahali mshtakiwa alipoishi. Majaji wenyewe walikuwa wamezuru Ituri mwezi Januari 2012. Funzo tunalolipata ni hili: anayeikodi lugha kwa mtu mwingine anaukodi pia uamuzi wake, na hajui ni lini amelipia kimojawapo.

Ndani ya Kongo suala hili liliongezeka uzito Mei 2021, Ituri na Kivu Kaskazini zilipowekwa chini ya hali ya kuzingirwa na mashauri ya jinai ya raia yakahamishiwa mahakama za kijeshi. Raia wengi wakajikuta mbele ya maofisa ambao mazoea ya kazi yao ni Lingala kwa mdomo na Kifaransa kwa maandishi, huku Kiswahili cha mshtakiwa kikibaki katikati.

7.0 Pingamizi

Itasemwa kuwa Kifaransa hakina kabila, na kwamba katika jimbo lililoumizwa na ukabila hilo ni jambo la heri. Ni kweli. Lakini Kiswahili nacho si lugha ya Wahema wala ya Walendu. Ni lugha ya soko, ya kanisa, ya barabara ya Komanda. Wala hatuombi Kifaransa kiondolewe. Tunaomba maneno ya shahidi yabaki kando yake.

Itasemwa pia kuwa Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imechoka. A. B. Weston alichapisha istilahi za sheria kwa Kiswahili Dar es Salaam mwaka 1968, na mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa sheria ya bunge. Hata hivyo kriminolojia ya Bunia haitaponywa kwa kupakia istilahi za Dodoma katika lori. Mwananchi wa Bunia anasema parke, opeji, avoka na buloko. Istilahi zikija bila kuyatambua maneno hayo, mwananchi atakuwa na lugha mbili rasmi asizozielewa badala ya moja.

Hapa lawama inatugeukia sisi wa taaluma za Kiswahili. Kwa muda mrefu tumekitaja Kiswahili cha Kongo, kwa jina la Kingwana au kwa majina mengine, kama Kiswahili kilichoharibika. Johannes Fabian alipohariri mwaka 1990 historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, alionyesha kuwa matini ya Kiswahili hicho inaweza kusomwa kwa makini sawa na utenzi wa Lamu. Mfano huo haukufuatwa vya kutosha. Tukikiita Kiswahili cha shahidi kibovu, tumeshamwambia hakimu kuwa hana haja ya kukisikiliza.

8.0 Hitimisho

Tumeona kuwa jinai nyingi za Ituri husemwa kwa Kiswahili, huandikwa kwa Kifaransa, na husomwa chuoni kana kwamba hakuna kilichotokea baina ya hayo mawili. Tunapendekeza kwamba shahada ya kwanza ya kriminolojia popote katika eneo hili iwe na somo la kusoma maelezo, lifundishwe kwa pamoja na mwalimu wa sheria na mwalimu wa Kiswahili. Mwanafunzi apewe safu tatu katika ukurasa mmoja: yaliyosemwa, yaliyoandikwa, na yaliyoamuliwa. Mwaka mzima afanye kazi ya kuonyesha mahali ambapo safu moja haitoki katika nyingine. Na akiwa ofisa kesho, aandike neno la shahidi katika pambizo ya hati, kadogo liwe kadogo na bibi liwe bibi, pamoja na jina la aliyefasiri.

Gharama ya kufanya hivyo ni wino kidogo na subira. Gharama ya kutofanya hulipwa na mtu ambaye hakualikwa darasani. Yumo katika gereza kuu la Bunia, lililojengwa kwa ajili ya watu wachache kuliko wanaofungwa humo, akiwa ametia alama ya kidole chini ya maneno asiyoyajua.